Muulize Mama Fundi: Gari Limeitwa, Limetengenezwa, na Petroli Bado Inanuka

Mwezi huu safu yote nimeitoa kwa mfumo wa mafuta. Barua ya kwanza hapa chini ilinifika jioni, nikiwa nanawa mikono nifunge kazi, nikaisoma mara mbili nimesimama vilevile na taulo begani. Mwandishi wake nilimjibu usiku uleule, kwa kuwa hilo halikuwa jambo la kungoja toleo jipya litoke. Ninayoyaandika hapa ni marefu kuliko niliyomwambia yeye, na nimeambatanisha barua nyingine tano. Majina na aina za magari ya wasomaji nimeziondoa.

Mama Fundi, shikamoo. Nina SUV ya petroli, huu ni mwaka wake wa nne. Miezi miwili iliyopita nilipata barua ya mtengenezaji kwamba magari ya toleo langu yameitwa yarudi gereji yatengenezwe, kwa sababu bomba la mafuta kwenye injini linaweza kuvuja. Nikalipeleka gereji ya kampuni, wakakaa nalo siku nzima, nikapewa karatasi yenye muhuri kwamba kazi imekwisha. Siku ya tisa, asubuhi, nikanusa petroli. Nikawasha, nikaondoka, na baada ya kama dakika kumi harufu ikaisha. Tangu siku hiyo ni kila asubuhi. Nimerudi gereji mara mbili. Mara zote wamechomeka kompyuta yao, wakaniambia hakuna kosa lolote, na mpokezi akasema magari ya petroli ndivyo yalivyo, hunuka petroli. Sasa hata mume wangu ameanza kusema labda ni pua yangu. Watoto wangu wawili hukaa kiti cha nyuma. Nifanyeje? — Mama wa wawili

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutoe wasiwasi: pua yako ni nzima. Nimekaa gereji miaka 26, na mwanamke akisema gari linanuka, mara nyingi huambiwa hivyo ulivyoambiwa wewe. Gari la kisasa lililo zima halinuki petroli, iwe asubuhi au jioni, iwe tangi limejaa au limekaribia kukauka. Mfumo wote umefungwa. Hata mvuke unaopanda ndani ya tangi hauachiwi hewani. Unapitishwa kwenye kopo lenye mkaa unaounyonya, kisha injini inauvuta kutoka humo na kuuchoma. Ukinusa petroli, ujue kuna mahali palipofunguka. Huyo mpokezi anazungumzia magari ya zamani, ya kabureta, na la kwako si la kabureta.

Hadi panapovuja papatikane, gari hilo lisilale ndani ya banda wala gereji iliyoshikana na nyumba, na watoto wasilipande. Nasema hivyo kwa uzito wote. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzijoto 40 chini ya sifuri, kwa hiyo usitegemee ubaridi wa asubuhi kukulinda. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi ukapotea, hushuka na kutambaa sakafuni, ukajikusanya mahali pa chini, ukasubiri cheche. Cheche hiyo inaweza kutoka kwenye swichi ya taa, mota ya friji, au kamoto kadogo ka mtambo wa kupashia maji ulioko chumba cha pili. Siku utakayoona petroli inadondoka, au harufu ikakuingilia ndani huku unaendesha, simama pembeni, zima, watoe watoto, mwende mbali, na gari livutwe kwa gari la kuvutia. Usikimbilie kufungua boneti uchungulie. Usichomoe betri pia, kwa sababu waya ukitoka kwenye kichwa cha betri huweza kuruka cheche palepale penye mvuke.

Sasa kuhusu kompyuta yao. Watu wengi hudhani ile kompyuta inaona kila kitu. Inaona kile tu ambacho kuna kihisi cha kukipima. Upande wa mvuke, yaani tangi, kopo la mkaa na mipira yake, magari mengi hujipima yenyewe, na mengine hugundua hata tundu la nusu milimita. Lakini kipimo hicho hakifanyiki kila wakati. Gari hungoja liwe limepoa vizuri na tangi lisiwe tupu wala kujaa pomoni. Upande wa petroli yenyewe, ile inayosukumwa na pampu hadi kwenye injini, hakuna kihisi cha tone. Kuna kihisi cha presha tu. Bomba likitoa machozi kidogo, pampu inafidia, presha inabaki palepale, na kompyuta inaandika kwa moyo mweupe kwamba mambo ni sawa. Hawakukudanganya waliposema hakuna kosa. Walikosea walipoishia hapo.

Na kwa nini asubuhi? Hapa nitakusimulia gari moja lililoletwa kwangu mwaka jana, maana kisa chake na chako ni kama ndugu.

Ilikuwa SUV pia, nayo ilikuwa imeitwa kwa bomba la presha kubwa, nayo ilikuwa na karatasi yenye muhuri. Mwenyewe alilileta mchana, injini ya moto. Nilikagua kwa tochi na kioo cha mkono, sikuona kitu. Bomba jipya lilikuwa linang'aa, nati zake zimekaa sawa. Nikamwomba aliache lilale. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajaligusa, nikatandika kipande cha katoni kikavu chini ya injini, nikainua boneti, nikamwambia kijana wangu aweke swichi bila kuwasha injini. Pampu ya kwenye tangi ikavuma kama sekunde mbili, ikanyamaza. Mimi macho yangu hayakuwa kwenye lile bomba jipya. Nilikuwa naangalia jirani yake, kile kiungio cha plastiki kinacholeta petroli kutoka nyuma hadi kwenye pampu ya presha kubwa. Kwenye shingo yake pakang'aa unyevu. Ukakusanyika ukawa tone la ukubwa wa kichwa cha pini, likaning'inia, likapotea. Halikudondoka, lilikauka likiwa linaning'inia. Katoni ilibaki kavu kabisa. Chini ya kiungio, kwenye chuma kilichojaa vumbi la mafuta, palikuwa na mstari mmoja msafi, mwembamba kama ukucha, kana kwamba mtu amepapangusa kwa kidole. Petroli huosha mahali inapopita, halafu inakauka isiache kitu kingine. Mstari msafi mahali pachafu ndiyo alama ninayoitafuta kuliko matone.

Kilichotokea ni hivi. Ili fundi afikie lile bomba lililoitwa, ilibidi akichomoe kile kiungio kupata nafasi. Alipokirudisha, kile kipete cha mpira kilichomo ndani kilibanwa vibaya, kikakatika kidogo pembeni. Mpira ukiwa baridi hujikaza na kusinyaa, petroli inapata upenyo. Injini ikipata moto, mpira unalainika na kutanuka, unaziba, na hata kama kijitone kimetoka, kinakauka kabla hakijanuka. Kwa hiyo dakika kumi baadaye gari ni safi, na ukilipeleka gereji saa nne asubuhi baada ya mwendo wa nusu saa, wanakagua gari ambalo kwa wakati huo halivuji. Sehemu iliyoitwa ilikuwa nzima. Kilichovuja ni jirani aliyesumbuliwa.

Sisemi lako ni hilohilo. Linaweza kuwa nati ya bomba iliyofungwa kwa kukisia badala ya spana ya kipimo, au bomba lililovutwa kwa nguvu ili likae, au kitu kingine kabisa ambacho wito haukukigusa. Ila njia ya kulikamata ni moja: lilale kwao. Usilipeleke asubuhi, lipeleke jioni, uliache, na uwaambie hutaki mtu aliwashe hadi uwepo wewe na msimamizi wa mafundi. Muwe wote mbele ya boneti pampu itakapovuma mara ya kwanza. Nimeona mabishano ya miezi yakiisha kwa dakika tatu kwa namna hiyo.

Kwenye karatasi ya kazi usikubali waandike "mteja anadai harufu". Waambie waandike maneno yako: harufu ya petroli, injini baridi, kila asubuhi, imeanza siku tisa baada ya kazi ya wito, na upande gani wa gari inazidi. Omba pia waandike ni vipimo gani wamefanya, si matokeo ya kompyuta peke yake. Waulize kama wana kifaa cha kunusa mvuke, kile chenye shingo ndefu ambacho hupitishwa kwenye kila kiungio kikalia kinapokuta petroli. Gereji kubwa nyingi wanacho, na kinatumika mara chache kuliko kinavyostahili. Kisha uliza swali moja ambalo watu husahau: siku ile ya wito, bomba lilibadilishwa au lilikaguliwa tu? Wito mwingi huandikwa "kagua, na ikibidi badilisha". Muhuri ni uleule kwa yote mawili. Karatasi iliyobadilishiwa kitu itakuwa na namba ya kipuri. Kama haina, uliza.

Kila karatasi wanayokupa, piga picha. Kila mara ulipolipeleka, andika tarehe na kilomita. Wakikataa mara ya tatu, mwandikie mtengenezaji mwenyewe, umtajie namba ya wito na namba ya chesi, na upeleke malalamiko kwa mamlaka ya usalama wa magari ya nchi yako. Si kwa kulipiza kisasi. Kazi ya wito inapofanywa vibaya gereji moja, inaweza kuwa inafanywa vibaya kote kwa sababu maelekezo yenyewe yana kasoro, na wakubwa hawawezi kujua kama akina mama kama wewe wataendelea kuambiwa ni pua.

Gari langu limeitwa kwa hatari ya nozeli, vile vipuri vinavyopulizia injini petroli, kupasuka na kuimwaga. Nilipokwenda hawakubadilisha nozeli hata moja. Waliingiza programu mpya, baada ya saa moja nikaondoka. Mama, nimetengenezewa au nimetulizwa? — Mwenye mashaka

Kaka, swali lako limeulizwa hata na serikali. Novemba 2022 Ford iliita magari zaidi ya 500,000 nchini Marekani pekee, Escape na Bronco Sport zenye injini ya lita 1.5 ya silinda tatu, kwa sababu nozeli iliweza kupasuka na petroli kumwagika juu ya sehemu zenye moto. Matengenezo yaliyotolewa yalikuwa programu ya kutambua presha ya mafuta ikianguka, ikampa dereva onyo na kupunguza nguvu za injini, pamoja na kijibomba cha kuchuruzisha petroli iende mbali na moto. Nozeli zenyewe ziliachwa. Aprili 2024 NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ikaanza kuihoji kampuni kama matengenezo hayo yanatosha, na Julai 2025 magari karibu 700,000 ya aina hizo mbili yakaitwa tena kwa tatizo hilohilo la nozeli. Na kabla ya hapo, mwaka 2013, Chrysler iliita Jeep za zamani milioni 1.56 ambazo tangi lilikaa nyuma kabisa ya gari, mahali panapogongwa. Tangi halikuhamishwa, kilichofungwa ni chuma cha kuvutia trela, kiwe kinga likigongwa kwa mwendo mdogo.

Kwa hiyo usishangae. Kubadilisha kipuri kwenye magari laki kadhaa ni gharama kubwa, vipuri vyenyewe huwa havijatengenezwa, na mara nyingi kampuni huchagua njia fupi. Mimi nikiwa fundi sipendi njia hiyo. Ufa hauzibwi na programu. Hata hivyo usiikatae. Programu inayokuambia presha imeanguka inakupa dakika za kusimama na kutoka, na dakika hizo ni uhai. Ikubali, halafu dai kwa maandishi: nozeli ikipasuka baadaye, nani analipa, na je, dhamana ya nozeli imeongezwa muda? Kampuni nyingine huiongeza kimyakimya, anayeuliza ndiye anayepata. Na onyo lile likiwaka, usilipeleke gari nyumbani "kwa kuwa ni karibu". Simama hapohapo ulipo.

Jambo jingine: pima oili mara kwa mara. Chomoa kijiti, kinuse. Oili ikiwa inapanda badala ya kushuka, na kijiti kinanuka petroli, basi petroli inaingia ndani ya injini, kupitia nozeli au sili ya pampu ya presha kubwa. Oili hiyo imekuwa nyepesi, hailindi chuma tena. Usiendeshe hadi itafutwe chanzo na oili ibadilishwe.

Pampu yangu ya mafuta ilibadilishwa kwa wito, ile iliyo ndani ya tangi chini ya kiti cha nyuma. Sasa nikijaza tangi, gari linanuka ndani siku mbili. Likifika nusu, harufu inakwisha. — Baba wa nyumba

Umenirahisishia kazi, maana umeeleza lini inanuka na lini hainuki. Harufu inayokuja tangi likijaa na kuondoka likishuka inatoka juu ya tangi. Kwako nina hakika kubwa ni ile sili ya mduara inayokaa chini ya mfuniko wa pampu.

Sili ile haifai kutumika mara mbili, na sababu yake unaweza kuiona kwa macho. Ukiitoa kwenye tangi la zamani, huwa imenyonya petroli ikavimba. Ukijaribu kuirudisha kwenye mfereji wake, inazidi. Unaisukuma hapa, inachomoka kule, inajikunja kama nyoka. Fundi mwenye haraka huibana hivyohivyo, anazungusha pete ya kufungia, anarudisha kiti. Mwingine anaiacha mezani usiku kucha, inakauka, inarudi udogo wake, inaingia vizuri, anadhani ameshinda. Lakini mpira ule umeshachoka, na ukikutana na petroli tena utavimba ukiwa umebanwa vibaya. Sili mpya huja na pampu mpya au huagizwa kando, na ni kipuri kidogo kabisa.

Rudi kwao, waambie wainue kiti mbele yako tangi likiwa limejaa. Kama ni sili, utaona unyevu kuzunguka mfuniko, na sponji ya kiti upande wa chini itanuka yenyewe. Waambie waangalie pia alama mbili za pete ya kufungia, kwamba zimekutana. Na wewe, ukijaza mafuta, bomba la pampu likikata lenyewe, acha hapo. Ukiendelea kuongeza, petroli majimaji inaingia kwenye kopo la mkaa ambalo kazi yake ni mvuke tu, linaharibika, na harufu yake utaifananisha na hii.

Nimenunua SUV iliyotumika. Nitajuaje kama ina wito ambao mwenye awali hakuushughulikia? — Mnunuzi

Wito hufuata namba ya chesi, si jina la mwenye gari. Isome chini ya kioo cha mbele upande wa dereva au kwenye nguzo ya mlango. Ni tarakimu na herufi 17, na haina herufi I, O wala Q, kwa hiyo ukiona kama O jua ni sifuri. Iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kama gari lilitoka nchi nyingine, jaribu tovuti ya nchi lilikouzwa mara ya kwanza pia, kwa sababu ya kwenu inaweza kuwa hailijui kabisa. Barua za wito hupelekwa anwani ya yule wa zamani, usizisubiri. Na ikionekana "imekamilika", bado gari lilale lipoe, ulinuse asubuhi kabla hujaliwasha.

Tangi limepata ufa mdogo, jamaa amelisugua sabuni ya mche likaacha kuvuja. Wiki ya tatu hii. Kuna ubaya? — Dereva

Upo, ndugu yangu. Petroli haiyeyushi sabuni, ndiyo maana inashika. Ni msaada wa kukutoa barabarani hadi gereji siku hiyohiyo. Maji yakirushwa na tairi yanaiosha, na wiki ya tatu ni nyingi mno. Kama tangi ni la plastiki, gundi nyingi hazishiki plastiki ile, badilisha tangi. Kama ni la chuma, mtu asikushawishi kulichomelea kwa kuwa "ni tupu". Tangi tupu ndilo lililojaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Mama, mimi fundi mwenzio, mwaka wa pili kazini. Haya magari ya nozeli zinazopuliza ndani ya silinda nimeanza kuyapokea. Je, naweza kurudisha bomba la presha nililolifungua? Na kuna njia ya haraka ya kupapasa linapovuja? — Mwanafunzi wako

Mwanangu, acha nianze na la pili. Usipapase. Kamwe, usipeleke mkono.

Kwenye injini za nozeli za kawaida presha ya petroli ni bar 3 hadi 4 hivi. Kwenye hizo unazozisema hufika 200, na za karibuni 350. Dizeli ya siku hizi hupita 1,600. Tundu la ukubwa wa sindano kwa presha hiyo hutoa uzi wa mafuta usioonekana, unaotoboa ngozi kama sindano ya hospitali. Kinachotisha ni kwamba hauumi sana. Kunakuwa na kitundu kidogo kwenye kidole, unakifuta, unaendelea na kazi. Saa chache baadaye mkono unavimba, na mafuta yamekwisha safiri ndani kando ya mishipa. Hiyo si dawa ya kupaka. Ni chumba cha upasuaji, haraka, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa presha, maana akiona kitundu tu anaweza kukurudisha nyumbani na kidonge.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilifungua nati ya bomba la presha injini ikiwa imezimwa dakika tano tu. Niliamini kuzimwa ni kuisha presha. Petroli ilinirukia machoni na shingoni, nikaanguka kwenye sakafu nikipapasa ukuta. Aliyeniokoa ni mzee wa kuosha magari, aliyenishika kichwa akakiweka chini ya bomba la maji na kunishikilia hapo robo saa huku nalia. Miwani ilikuwa imetundikwa msumarini, hatua mbili kutoka nilipokuwa. Tangu siku hiyo sijafungua bomba bila kushusha presha kwanza: natoa fyuzi au rilei ya pampu, nawasha hadi izime yenyewe, natazama presha kwenye kompyuta, nasubiri injini ipoe, na bado nafunika nati kwa kitambaa ninapoilegeza nusu zamu ya kwanza. Ukitafuta linapovuja, tumia kipande cha katoni kwenye fimbo, ukipitishe polepole huku uso wako ukiwa mbali. Kikilowa, umepata.

Kuhusu kulirudisha bomba: magari mengi ya namna hiyo, mtengenezaji anasema bomba likifunguliwa linatupwa. Ncha yake ni chuma laini kinachojibonyeza kwenye kiti chake na kuchukua umbo lake. Ukikirudisha mara ya pili hakikai palepale kilipokaa kwanza. Soma kitabu cha gari hilohilo, usikisie kwa kulinganisha na lingine. Unapofunga jipya, anza ncha zote mbili kwa vidole hadi zikae bila kulazimishwa, ndipo ulete spana ya kipimo, na bolti ya kishikizo cha katikati iwe ya mwisho. Ukiifunga hiyo kwanza, bomba linakuwa limeinama, na utaona limekaa vizuri hadi asubuhi ya baridi. Vile vipete vya viungio vya jirani ulivyovichomoa ili upate nafasi, vibadilishe vyote, uvipake oili nyembamba kabla ya kuvisukuma, na usikilize hadi kiungio kilie "tak". Kisha kivute kwa nyuma. Kikikuja mkononi, hakikuwa kimefunga.

Gari usilitoe siku hiyo. Mwambie mwenyewe arudi kesho, na wewe uwahi kabla yake, na tochi yako, injini ikiwa baridi.